Chupa Tatu za Asali

Aliyeniambia niandike haya ni Mama Upendo wa Ipelele, na alinipa sharti moja: nisijipendelee. "Andika ulivyokuwa mwongo," alisema, "ndipo watu watakuamini." Basi naanza na hilo. Mimi naitwa Mama Tuma, nafuma masweta ya shule hapa Makambako, na mwaka jana niliutangazia umma kwamba nimepona wakati kidonda kilikuwa bado kinanila ulimi. Mtu mmoja akaniamini, na mtu huyo ndiye Mama Upendo.

Sasa nimemaliza matibabu. Kama unasoma kwa sababu una kidonda mdomoni kisichotaka kuondoka, karibu ukae. Sitakuambia mambo ya kitaalamu kwa sababu siyajui. Nitakuambia ilivyokuwa tu.

Kulikuwa na kundi la wasapu lililoitwa Leo Tumepika Nini. Mwenye kundi alikuwa Mama Kelvin, anakaa Njombe mjini, mwanamke mwenye sauti ya kwaya na jiko la vigae. Tulikuwa wanawake kama sitini, na wengi wetu hatujawahi kuonana uso kwa uso. Tulijuana kwa sufuria. Ikifika saa saba mchana kila mmoja anapiga picha alichopika na kuituma, na wenzake wanamsifia. Wa Makete anaweka viazi na njegere, wa Ludewa anaweka samaki wa ziwani, halafu zinafuata habari za kawaida: kuku wa jirani kaingia bustanini, mvua imegoma, mume kanunua sukari badala ya chumvi. Sheria ilikuwa moja. Humu ni jikoni. Siasa, misiba na magonjwa vipelekwe kwingine.

Nililipenda kundi lile kuliko nilivyopenda vikao vya jumuiya, Mungu anisamehe. Kwenye mashine ya kufumia nakaa peke yangu kutwa nzima, na simu iko pembeni inalialia. Nilikuwa na jina humo. Nikiweka mnafu wangu wa karanga, wanaandika, "Jamani Mama Tuma, mate yananitoka!" Nilikuwa naisoma sentensi hiyo mara mbili mbili.

Kidonda kilikuja msimu wa mahindi mabichi. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, ubavuni mwa ulimi upande wa kushoto, nikadhani nimejing'ata nikiguguna hindi la kuchoma. Wiki ya tatu kikawa bado kipo. Nikaandika kwenye kundi kwa utani, maana bila utani ingekuwa ugonjwa na ningevunja sheria: "Wapishi wenzangu, ulimi wangu umegoma pilipili. Una kakidonda. Niupe nini?"

Ungedhani nimefungua zahanati. Limao na chumvi. Maji ya majani ya mpera. Majivu ya ganda la ndizi, sijui nani alileta hilo. Mwisho Mama Kelvin akatuma sauti, akianza na salamu ya kwetu. "Kamwene, dada yangu. Achana na hao. Asali mbichi, tangawizi ya kutwanga, na karafuu. Paka kutwa mara tatu, nyingine meza. Mama yangu mzazi alipona hivyo hivyo." Wala hakuishia kusema. Kesho yake alimpa kondakta wa Hiace chupa ya asali, ameivisha kipande cha kitenge, nikaipokea stendi. Mwanamke ambaye hata sura yangu haijui.

Nilipaka. Mwezi mzima nilipaka. Kidonda kikaongezeka, kikapata kingo ngumu, na nikawa natafunia upande mmoja. Siku moja saa saba mchana Mama Kelvin akaniuliza mbele ya watu wote: "Mama Tuma, ulimi unaendeleaje?"

Huku kwetu, mtu akikupa dawa kwa moyo mweupe, humrudishii habari kwamba haikufaa. Ni sawa na kumrudishia chakula alichokupakulia. Unasema asante, inasaidia, namshukuru Mungu. Nimelelewa hivyo, mama yangu alilelewa hivyo, na sijawahi kumsikia mtu akifanya vingine. Basi nikaandika: "Nimepona kabisa! Asali ya Mama Kelvin ni kiboko." Nikaweka na picha ya ugali na samaki wa kukaanga, picha ya Krismasi iliyopita. Walinimwagia makopa mpaka simu ikakwama. Mchana ule mimi nilikuwa nimekunywa uji uliopoa, kwa kijiko cha mtoto.

Kipupwe kilipoingia maumivu yalipanda sikioni. Mume wangu, Baba Tuma, anapasua mbao, na kwake ugonjwa wowote wa kichwani ni jino. Tukaenda Njombe kung'oa jino.

Ule ukumbi wa kusubiria nitaukumbuka mpaka nife. Upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango, nimevaa masweta mawili niliyofuma mwenyewe, na bado magoti yanagongana. Watu wote kwenye benchi walikuwa wameshika mashavu yao. Kila mlango ulipofunguliwa tulinyanyua vichwa kwa pamoja, kisha tukaviinamisha. Nilipoingia, daktari, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alivuta ulimi wangu kwa kitambaa akauangalia muda mrefu.

"Mama, hiki kina muda gani?"

"Mwezi," nikasema.

Akaniachia ulimi. "Mama. Mwezi?"

"Mitano."

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kidonda cha mdomoni kikipita wiki mbili au tatu bila kupona, mtu asikae nyumbani, aje. Akakata kinyama kidogo, akakiweka kwenye kichupa. Tukaambiwa tusubiri wiki tatu. Nilifuma masweta arobaini katika wiki hizo, mengine mikono mirefu kuliko kiwiliwili, ikabidi niyafumue.

Siku ya majibu Baba Tuma aliposikia neno saratani alitoka nje, akasimama anaangalia lori la mbao lililopaki ng'ambo ya barabara, akahesabu mbao, nina hakika alihesabu. Aliporudi alisema, "Twende tukale." Tukaenda mgahawani. Akaagiza wali na nyama, akala wote, akafuta sahani kwa kidole. Mimi nimekaa mbele yake na chai inayopoa. Nilimchukia siku ile kwa namna ambayo sijui kuielezea, na sijamaliza kumsamehe, ingawa najua kwamba mwanaume yule hakuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake.

Nikapelekwa Dar es Salaam. Kwanza waling'oa meno kumi na moja, maana yalikuwa yameanza kuoza na mionzi haitaki meno mabovu. Kisha wakanitengenezea kinyago cha plastiki, cha kunibana uso kwenye meza nisitikisike. Wiki saba, siku tano kila wiki. Dada mmoja wa kwenye mashine alikata matundu ya macho yakawa makubwa zaidi aliponiona nalia ndani, na sijui jina lake mpaka leo. Nililala kwa wifi yangu, joto la kule lilinifanya niwe kama nguo mbichi, na kila asubuhi nilipanga foleni na wenye vinyago wenzangu.

Wiki ya kwanza si kitu. Ya pili chakula kinaanza kuwa na ladha ya msumari. Ya tatu mate yanakuwa kama gundi, halafu yanakatika kabisa, na usiku unaamka ulimi umegandana na kaakaa, unaubandua kwa maji. Shingo inakuwa nyeusi, inachubuka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Wiki ya tano walinipitishia mpira puani, nikawa nalishwa uji kwa bomba la sindano. Mzee mmoja wa Lupingu, ambaye tulikaa naye benchi moja, alinionyesha jinsi ya kusukutua kwa maji ya magadi soda na chumvi kila saa. Hakuniuliza lolote kuhusu maisha yangu. Alikuwa anasema tu, "Saa imefika, mama, sukutua," na tunasukutua wote wawili, tunatema kwenye kopo.

Na saa saba mchana nilikuwa natuma picha kwenye kundi. Ndiyo. Simu yangu ilikuwa na picha za miaka mitatu za vyakula. Leo kande, kesho viazi vya nazi. "Jamani Mama Tuma, mate yananitoka!" Nasoma huku mpira uko puani na mdomoni hamna hata tone. Nilitaka pawe na mahali pamoja duniani ambapo mimi ni mzima.

Mpira huo ulikuwa haujawekwa bado, ilikuwa wiki ya nne, Mama Upendo alipoandika. Nilimjua kidogo tu, mkulima wa viazi huko Ipelele, picha zake zilikuwa na giza kwa sababu anapikia jiko la kuni. Aliandika: "Jamani na mimi nimepatwa na kakidonda ulimini kama ka Mama Tuma. Nimeshaanza asali na tangawizi. Nikipona nitakuja Makambako kukushukuru dada."

Alama za kinyago zilikuwa bado mashavuni. Niliandika ukweli, nikaufuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ningesema nini? Kwamba Mama Kelvin alinipa kitu kisichofaa? Kwamba zile sahani zote ni za zamani? Mwisho nikaandika, "Pole dada, utapona," nikaweka na kopa. Katika ugonjwa wangu wote hakuna nilichofanya kibaya kuliko hicho, na nilikifanya kwa kidole gumba.

Nilirudi Makambako na mvua za kwanza, watu wanapanda mahindi. Nilikuwa nimepungua mpaka sketi inashikwa na pini. Mpira ulikuwa umetoka, nikaanza kula vitu laini, na nikalidai jiko langu. Binti yangu Tuma, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alikuwa amelishika vizuri, vizuri mno, na hilo liliniuma. Nikamwambia akae pembeni. Nikapika maharage, nikaonja, nikasikia maji matupu. Nikaongeza chumvi. Nikaonja, maji. Nikaongeza.

"Vipi?" nikauliza mezani.

"Matamu, mama," Tuma akasema.

"Mazuri," Baba Tuma akasema, akanywa maji vikombe viwili.

Hivyo hivyo karibu mwezi mzima. Baba Tuma akaanza kuchelewa kutoka kazini na kula mgahawani, nikadhani ananikimbia kwa ajili ya sura yangu, nikamtolea maneno ambayo mke hapaswi kumtolea mumewe. Siku moja nikaingia jikoni ghafla nikamkuta Tuma amemimina maharage yangu kwenye chujio, anayasuuza kwa maji ya bomba. Karibu yake kuna sufuria nyingine, ameandaa kitunguu na nyanya ayaunge upya.

"Unafanya nini?"

Akaanza kulia. "Mama, hayaliki. Tangu urudi hayaliki. Baba alisema tusikuambie."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Hasira niliyokuwa nayo ningeweza kuvunja vyombo. Mwezi mzima wananiangalia napika sumu na wananisifia! Nani aliwapa ruhusa ya kunionea huruma hivyo? Nikanyanyua simu ili nisimpige mtoto, na kwenye kundi palikuwa na ujumbe wenye jina langu: "Mama Tuma dada, niko chupa ya tatu ya asali sasa. Kakidonda hakasikii dawa. Wewe ulitumia ngapi ukapona?"

Chupa ya tatu. Chini ya ujumbe wenzetu walikuwa wameshaanza kumpa moyo, vumilia dada, dawa za asili huenda polepole.

Sikuandika. Nilibonyeza pa sauti nikaongea, kwa sauti yangu mpya, ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikasema sikupona. Nikasema ni saratani, nimetoka Dar, sina mate, sina meno kumi na moja, samaki wale walikuwa wa Krismasi. Nikasema, Mama Upendo, kesho asubuhi nenda hospitali, usingoje kesho kutwa.

Kisha Mama Kelvin akaandika: "Dada, humu ni jikoni. Na mimi nilikutumia asali kwa upendo, sikutegemea unichafue mbele za watu." Nikaona maandishi kwamba nimeondolewa. Miaka mitatu ya saa saba mchana ikaishia hapo. Sikumwona Mama Kelvin kuwa mtu mbaya, na bado simwoni. Lakini tukikutana njiani, nitavuka barabara.

Simu ikalia. Namba siijui.

"Mama Tuma? Mimi Mama Upendo." Sauti ilikuwa nzito, ameshaanza kukunja maneno. "Kwa nini ulisema umepona?"

"Niliona aibu kumwambia Mama Kelvin."

Nikasikia mbuzi nyuma yake. "Kwa hiyo miezi yote hii mimi nimekuwa nikipaka aibu yako," akasema, na akakata.

Alikwenda hospitali ya Bulongwa kesho yake. Kinyama, kusubiri, majibu, rufaa. Njia ile ile niliyopita. Sikuthubutu kumpigia. Mahindi yalipofika magotini akapiga yeye. "Napita kwenda Dar. Sina ndugu Makambako. Nitalala kwako." Hakuwa anaomba.

Nilimpokea stendi saa kumi jioni. Mwanamke mfupi, wa umri wangu, koti la mwanaume mwilini, kiroba cha viazi mkononi. Tulitambuana kwa namna tulivyoshika mashavu. Nyumbani, kabla hajakaa, akatoa chupa ya asali iliyobaki nusu akaiweka mezani mbele yangu.

"Hii ni ya tatu. Kumwaga asali siwezi, na kuila siwezi. Kaa nayo wewe."

"Nisamehe, mama."

"Nipikie kwanza," akasema. "Nimetoka alfajiri."

Niliponda viazi vyake na njegere, laini kabisa, nikaweka siagi. Tuma alikuja kuonja, ndiyo ulikuwa utaratibu wetu tangu siku ya chujio, lakini nikamfukuza. Mgeni huyu nilitaka nimpikie mwenyewe. Tukakaa. Baba Tuma akachukua kijiko, akameza. "Kizuri," akasema. Hata baada ya yote! Tuma akainamia sahani yake.

Mama Upendo aliweka chakula upande wake mzima wa ulimi, akakizungusha polepole. Akaweka kijiko chini.

"Mama Tuma, chumvi imezidi."

"Sana?"

"Hakiliki."

Akasimama, akajifunga kitenge kiunoni, akaenda jikoni kwangu kama kwake. Tukamenya viazi vingine, mimi na yeye. Tulipochanganya akaonja. "Bado." Tukaongeza viazi. "Bado." Nilisimama na mwiko nikingoja, na machozi yalikuwa yananitiririka, wala sikuyafuta. "Hapo," akasema. "Hapo ndipo penyewe. Shika kipimo." Tulikula. Mimi sikuhisi kitu zaidi ya joto, lakini niliona Baba Tuma anaongeza sahani ya pili.

Asubuhi nilimsindikiza kwenye basi. Nikamwambia, "Wakikuuliza kina muda gani, usipunguze."

"Sitapunguza. Na nitawaambia ni nani alinichelewesha," akasema, na hakucheka.

Ladha yangu imerudi robo. Naitambua sukari, chumvi bado. Mate hayajarudi, natembea na chupa ya maji kama mtoto wa chekechea. Yeye walimkata sehemu ya ulimi kabla ya mionzi, kubwa kuliko ambayo ingekatwa angewahi, na hilo aliambiwa na daktari, nami akaniambia bila kunificha. Ile asali ipo kabatini, hakuna anayeigusa. Wewe unayesoma, kama kidonda chako kimepita wiki mbili, weka chini simu uende, na yeyote aliyekupa dawa kwa upendo, mwambie haikufaa.

Alinipigia akiwa wodini Dar, maneno yanatoka kwa taabu, ikabidi nimwombe arudie mara mbili. Alikuwa amemwomba nesi amsomee faili lake. Wameandika kwamba mgonjwa alichelewa, alitumia asali kwa ushauri wa rafiki.

"Wameandika rafiki," akasema. "Nimewaacha tu."